Kikao cha Jumamosi: simba, fisi na mazizi yetu

Ndugu wanakikundi, salaam. Jumamosi saa 4 asubuhi, ofisi ya kijiji: wafugaji, wakulima na afisa wanyamapori. Kila kitongoji kilete watu wawili, mmoja awe layoni (kijana mchungaji) au mama anayefunga zizi usiku. Wao ndio wanaojua mwanya uko wapi. Tukiwaachia wazee pekee tutajadili fidia hadi jioni.

Mkikuta mzoga kabla ya hapo, msiuguse. Ufunikeni kwa turubai, pigeni picha ya unyayo na kiberiti pembeni kuonyesha ukubwa, kisha mpigieni mtendaji. Unyayo wa fisi huonyesha kucha. Wa simba na chui kwa kawaida hauonyeshi, maana huzirudisha ndani. Mbwa wakishavuruga alama, maombi ya kifuta jasho (malipo ya serikali kwa mifugo iliyouawa na wanyamapori) hukwama.

Uzio: miiba iliyokatwa hukauka na kulegea, fisi akapenya chini. Simba naye si lazima aruke. Ng'ombe wakimnusa hutaharuki, hubomoa zizi wenyewe na kukimbilia nje, naye akawakamata huko. Uzio hai ni bora: vigingi vibichi vya miti ya jamii ya manemane, vipandwe mvua zikianza, vishikilie wavu wa chuma wa kimo cha mita 2 hivi. Lango nalo liwe imara. Wengi huliacha la miiba!

Sumu kwenye mzoga ni marufuku kabisa. Huua tumbusi na mbwa wenu pia.

Asiyeweza kufika atume ujumbe wa sauti: mnyama gani, saa ngapi, mifugo mingapi, ilikuwa zizini au malishoni.