Sufuria za alumini zisiingizwe kwenye mashine ya kuoshea vyombo

Ndugu Mhariri,

Mashine za kuoshea vyombo sasa zinaonekana hata majumbani hapa Arusha na Moshi, si mahotelini tu. Kijitabu cha maelekezo huja kwa lugha za kigeni, na anayepakia vyombo mara nyingi ni dada wa kazi ambaye hakuna aliyemsomea. Sufuria ikitoka nyeusi, anayefokewa ni yeye. Huo ni uonevu, na naomba nafasi nieleze weusi huo unatoka wapi.

Sabuni ya mashine ni kali kwa namna ya magadi, kali kuliko sabuni ya kuoshea kwa mkono, na hukaa na chombo saa moja hadi tatu kwenye maji ya nyuzi 50 hadi 70. Kwa hiyo kabla ya kuingiza chombo, jiulize kimetengenezwa kwa kitu gani.

Alumini ndiyo iliyojaa makabatini mwetu, nayo ndiyo inayoumia zaidi. Ina utando mwembamba juu yake unaoikinga. Sabuni kali huuyeyusha utando huo, alumini iliyobaki wazi inakutana na maji ya moto, na sufuria inageuka kijivu au nyeusi. Ukiigusa, vidole vinachafuka. Hata kuoshwa mara moja tu kunatosha kuiharibu. Ile ya jiko la mkaa ina balaa la pili: masizi yake hubanduka na kupaka glasi zilizo jirani. Iliyokwisha kupata weusi isitupwe. Jaza maji yapite alama, kamulia malimau mawili au tia ukwaju kiganja kimoja, chemsha dakika 10 hadi 15, kisha sugua kwa dodoki. Usitie magadi, na usisugue kwa majivu. Hayo yanarudisha tatizo lilelile.

Wengi hushindwa kutofautisha alumini na stili. Sumaku haisaidii, kwa kuwa stili nyingi nzuri hazinasi sumaku. Inyanyue: alumini ni nyepesi kuliko stili ya unene uleule. Kisha sugua ndani kwa kitambaa cheupe. Kikiacha rangi ya kijivu, hiyo ni alumini. Sufuria za stili, sahani za kaure zisizo na mstari wa dhahabu, glasi za kawaida na vijiko vya stili viingie bila wasiwasi.

Mwiko, kibao cha kukatia, mbuzi ya nazi, kinu na kibuyu vibaki nje. Mbao hunywa maji, huvimba, na zikikauka hupasuka. Chungu cha udongo kisichong'arishwa hunywa sabuni, halafu huirudisha kwenye mchuzi siku utakapokipikia. Chuma cha chapati hupoteza mafuta yaliyokaukia juu yake na kushika kutu ndani ya saa chache, na kutu hiyo huhamia kwenye vijiko. Visu hugongana na kuwa butu.

Hotpoti na chupa ya chai nazo zioshwe kwa mkono. Zina kuta mbili. Maji yakipenya katikati hayatoki, na baada ya wiki utasikia harufu ambayo hakuna sabuni itakayoiondoa. Za plastiki, tazama namba chini ya chombo: 5 huvumilia ikiwekwa rafu ya juu, 1 na 6 hujikunja.

Ugali unahitaji maelezo yake. Ukoko usiutie kwenye maji ya moto kwanza, kwani unga huzidi kugeuka gundi. Loweka kwa maji ya baridi nusu saa, kwangua, tupa. Mabaki yakiingia hivyohivyo, chujio la chini huziba, na punje za wali hukaa kwenye vitundu vya mkono unaorusha maji. Chujio lioshwe angalau mara moja kwa wiki. Kabla ya kufunga mlango, zungusha mkono huo kwa kidole. Ukigonga sahani, panga upya.

Glasi zikitoka na ukungu, paka siki. Ukungu ukitoka, ni chokaa ya maji, na dawa yake ni chumvi ya mashine isiyo na madini joto. Usipotoka, glasi yenyewe imelika, na haitarudi. Punguza sabuni kwa zilizobaki. Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono isiwekwe kabisa. Povu lake hufurika hadi sakafuni.

Mwisho ni maji yenyewe. Mashine nyingi huhitaji simtanki lililo mita 3 hadi 5 juu ya mahali ilipowekwa. Likiwa chini ya hapo, mashine hujaa polepole mno, husimama na kuonyesha hitilafu, na fundi huitwa kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Nawaomba wauzaji wabandike karatasi moja ya Kiswahili kwenye mlango wa kila mashine, na wamuulize mteja urefu wa mnara wa tangi lake kabla ya kupokea fedha zake.

Mdau wa usafi wa jikoni,
Arusha