Mwanangu, Rhea Silvia alikuwa amelala

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku hatujambo, ila bibi yako magoti yanamsumbua. Anakula vizuri, na hakuna siku inayopita bila kukuulizia.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema mwalimu amewataka msimulie darasani hadithi ya Warumi wa kale kuhusu mungu aliyempenda binadamu, nawe umechagua Mars na Rhea Silvia kwa sababu ndiyo mapenzi yaliyoizaa Roma. Nakuandikia leo leo, kabla hujasimama mbele ya wenzako, maana kuyaita yale mapenzi sikubali hata kidogo.

Mwangalie binti mwenyewe. Baba yake, Numitor, alikuwa mfalme wa mji wa Alba Longa. Baba yake mdogo, Amulius, akampindua kaka yake, akawaua watoto wake wa kiume, na huyu binti akamfanya kuhani wa Vesta, mungu wa kike wa moto wa nyumbani. Makuhani hao walikatazwa mwanamume, kwa hiyo Numitor asingepata mjukuu wa kudai kiti. Yaani Mars hajatokea bado, na tayari mtu mwingine ameshaamua binti huyu auishi vipi usichana wake.

Sasa msome Ovidius, mshairi wa Roma, anavyolisimulia tukio lenyewe. Rhea Silvia ametoka asubuhi kwenda kuteka maji. Anafika ukingoni, anautua mtungi wa udongo kutoka kichwani, anakaa chini, anajifungua kifua kidogo apate upepo, anazitengeneza nywele. Kivuli cha miti, ndege wanaimba, maji yanatiririka polepole. Usingizi unamchukua. Ndipo Mars anapomwona, anamtamani, na anamwingilia akiwa amelala. Binti anapozinduka anajisikia mzito asijue kwa nini, anauegemea mti, kisha anaondoka na maji yake. Mwanangu, umebeba maji tangu utotoni na unajua mtu anavyochoka njiani. Niambie, katika yote hayo ni wapi alipoulizwa?

Na baadaye je? Alipozaa mapacha, Romulus na Remus, waanzilishi wa Roma, Amulius alimfunga minyororo akamtia kizuizini, na watoto akaamuru watupwe katika mto Tiber. Livius, mwanahistoria wa Roma yenyewe, anasema wazi kwamba si miungu wala binadamu waliomkinga mama huyo na ukatili wa mfalme. Baba wa watoto ni mungu wa vita, mwenye majeshi na mikuki, na hakutokea. Mimi siwezi kumwita huyo mpenzi wa mtu.

Kama wataka mapenzi ya kweli katika hadithi zao, nenda kwa Numa Pompilius na Egeria.

Numa ndiye mfalme wa pili wa Roma, Msabini wa mji wa Cures. Plutarch, mwandishi Mgiriki, anaeleza kwamba mke wake, Tatia, alifariki baada ya miaka 13 ya ndoa, na Numa akawa anauacha mji na kutembea peke yake mashambani na kwenye misitu mitakatifu. Huko ndiko watu walikosema amekutana na Egeria, mungu wa chemchemi. Warumi walipomfuata wampe ufalme alikuwa na umri wa miaka 40, na kwanza alikataa.

Msitu wao uliokuwa nje ya lango la Capena ulikuwa na chemchemi isiyokauka. Numa alikwenda usiku, wakakaa, wakazungumza. Ninachokipenda hapa ni kwamba Egeria hamchukui Numa akamtoa katika kazi yake, wala hamfanyii kazi hiyo. Radi zilipozidi na watu wakaingiwa na hofu, yeye alimwambia tu nani wanaojua dawa yake na namna ya kuwapata. Kuonana na Jupiter, mkuu wa miungu na mwenye radi, Numa alikwenda mwenyewe. Jupiter akataka kichwa. Numa akajibu kwamba atakata kichwa cha kitunguu. Jupiter akasema cha mtu. Numa akasema atampa nywele. Jupiter akadai uhai. Numa akasema wa samaki. Jupiter akacheka, akakubali. Hakuna aliyechinjwa. Mtu aliyetulizwa na kushauriwa nyumbani husimama hivyo mbele ya mkubwa, na hapo usiharakishe unaposimulia, wenzako waisikie kila hatua.

Mengine yataje kwa ufupi: mwaka wa miezi 12, pamoja na Januari na Februari, na hekalu la Janus, mungu wa milango, ambalo milango yake ilifungwa wakati wa amani. Katika utawala wake wote, miaka 43, ilibaki imefungwa. Baada yake, mpaka Livius alipoandika habari hiyo, ilikuwa imefungwa mara mbili tu.

Utaulizwa kama ni kweli. Livius anasema Numa alijifanya tu kuonana na mungu ili watu wazikubali sheria zake. Sema hivyo, usifiche. Lakini tazama uwongo wenyewe, kama ni uwongo: mfalme anawaambia watu wapenda vita kwamba sheria zake amepewa na mwanamke anayempenda, nao wanazitii.

Numa alikufa mzee. Egeria akauacha mji, akaenda kujificha katika msitu wa Diana, mungu wa kike wa uwindaji, kule Aricia, akilia. Hippolytus akaja kumpoza kwa kumsimulia masaibu yake mwenyewe, aliyeburutwa na farasi wake mpaka akafa, kisha akafufuliwa. Ovidius anasema misiba ya wengine haikumpunguzia Egeria wake. Hapo nilikiweka kitabu chini, mwanangu. Baba yako alipofariki, waliokaa nami kimya ndio walionifaa. Mwishowe Diana alimhurumia, akaugeuza mwili wake kuwa chemchemi ya maji baridi.

Ukimwomba mwalimu ubadilishe hadithi, sidhani atakataa. Akikataa, basi simulia hiyo ya Rhea Silvia, lakini anza na mtungi, na useme alikuwa amelala.

Shangazi yako atapita huko Jumamosi na nimempa sweta lako na unga wa uji. Ukishasimulia, nipigie unieleze walikuuliza nini.

Nakupenda sana.
Mama yako