Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nairobi: anza na ratiba ya zamu

Mheshimiwa Waziri,

Kila wauguzi wanapolalamika kuwa wamechoka, dawa inayoletwa ni semina: hoteli, chai ya saa nne, fulana yenye maandishi mgongoni. Jumatatu muuguzi anarudi wadini na ratiba ni ile ile. Sisi tunaopanga zamu tunakuomba uanze na karatasi hiyo iliyobandikwa mlangoni kwa matroni.

Hesabu kwanza. Wiki ina saa 168. Nafasi moja ya muuguzi isiyoachwa wazi mchana wala usiku, kwa wiki ya kazi ya saa 40, inataka watu 4.2. Ongeza likizo ya mwaka, ambayo Sheria ya Ajira ya 2007 inasema isipungue siku 21 za kazi, kisha sikukuu, ugonjwa na mafunzo; unafika watu 5. Wadi yenye watu 4 kwa nafasi hiyo imeshakula likizo zao mwaka ungali mchanga, na hakuna msimamizi, hata awe hodari vipi, atakayezirudisha kwa kalamu.

Ila zipo kasoro zisizongoja ajira mpya. Kubwa ni ofu, yaani siku ya mapumziko, ya uongo. Muuguzi anatoka usiku saa 1:30 asubuhi, na siku hiyo hiyo ratiba inamwandikia "ofu". Hiyo ni siku ya kulipa deni la usingizi. Sheria inampa angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, nayo haikukusudia siku ambayo mtu ameianza akiwa kazini. Iandikwe "kulala", na ofu ihesabiwe kuanzia kesho yake.

Halafu zamu ya jioni kufuatwa na ya asubuhi. Anayemaliza saa 2 usiku hukabidhi wagonjwa kwa nusu saa, husubiri matatu ya Rongai au Githurai, hufika kwake saa 4 au zaidi. Saa 10:30 alfajiri yuko macho tena. Ziwekwe saa 11 za mapumziko kati ya zamu na zamu. Mzunguko nao uende asubuhi, jioni, usiku, usirudi kinyume, maana mwili huzoea kuchelewa kulala upesi kuliko kuwahi. Usiku mfululizo usizidi 3.

Aliyekesha saa 17 hufanya kazi kama mwenye gramu 0.05 za pombe katika mililita 100 za damu, na huyo ndiye tunayemwachia kukokotoa dozi ya mtoto mchanga. Kulala dakika 20 hadi 30 kabla ya saa 9 usiku humsaidia, mradi kuna kitanda na mwenzake amekabidhiwa wagonjwa mmoja mmoja kwa jina. Akiamka, apewe dakika 15 za kazi nyepesi kabla ya kugusa dawa. Usingizi wa kuibia, kichwa juu ya rejista, haumfai yeyote.

Leba, wadi ya kujifungulia, ina hesabu yake. Mkunga 1 ana kina mama 4 wenye uchungu uliokolea, na mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa. Kwa dakika 5 kila mama, dakika 20 kati ya 30 zimekwenda. Mmoja akianza kusukuma, mapigo ni kila dakika 5 na mkunga habanduki hapo. Basi patografu, chati za kufuatilia uchungu, za wale 3 hujazwa alfajiri kwa kukumbuka. Utazijua, kalamu ni moja na mstari umenyooka kama reli. Kabla ya kuandika barua ya onyo, uliza usiku ule wakunga walikuwa wangapi.

Ushauri nasaha uwepo pia, lakini mshauri atoke nje ya hospitali. Akiwa anaripoti kwa msimamizi, hakuna atakayefungua mdomo.

Tunaomba wadi 2, leba na ya watoto, zijaribu haya kwa miezi 3. Ratiba itoke wiki 4 kabla. Zihesabiwe siku za ugonjwa, zamu zilizobadilishwa kwa simu na makosa ya dawa yaliyoripotiwa. Hayo ya mwisho huenda yakapanda mwezi wa kwanza, kwa kuwa mtu aliyepumzika hupata nafasi ya kuyaandika; yasikutishe. Ratiba ya mfano tunayo, tutaileta ofisini siku utakayotuita.

Wako,
Wapangaji wa zamu za wadi, Nairobi