Vituo vya uandishi vianze na kipimo

Ndugu Mhariri,

Wanafunzi wengi wa vyuo vyetu hapa Mwanza walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na leo wanaandika tasnifu kwa Kiingereza. Wanahitaji vituo vya uandishi, ambako mtu mwenye subira ataijadili nao rasimu aya kwa aya bila kuwanyang'anya kalamu.

Ila tusivianzishe kwa mazoea. Marekani wana jarida la taaluma hii tangu 1980. Mwaka 2012 watafiti Dana Driscoll na Sherry Wynn Perdue walichapisha uchambuzi wa makala zake hadi 2009: tafiti ambazo mtu mwingine angeweza kuzirudia zilikuwa chache mno. Miaka yote hiyo!

Sisi tutunze rasimu za kabla na za baada, kwa ridhaa ya mwandishi, na tuandike pia mazungumzo yalifanyika kwa lugha gani. Hili la lugha linanigusa zaidi. Kijana wa Ukerewe akifafanua hoja kwa Kiswahili, au kwa Kikerewe, kisha akaiandika kwa Kiingereza, je, hoja inanyooka zaidi? Watafiti wa vyuo vyetu vya Malimbe na Bugando wanaweza kulipima hilo; wasimsubiri mgeni.

Msomaji wenu,
Nyegezi, Mwanza