Mwenyewe Yuko Wapi?

Shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi. Sisi wazima, watoto wanakua, goti langu linatabiri mvua kuliko redio, ndiyo pensheni yangu ya miaka ya kuruka viunzi. Tuyaache hayo. Kocha kaniambia umegawa viatu vyako vyote vya kukimbilia, na ulipoulizwa ukajibu, "Mwenyewe hayupo." Rehema! Jibu gani hilo? Simu hupokei, ujumbe husomi, basi nakuandikia barua, uikunje ukitaka lakini kwanza uisome.

Unajua mimi nikishikwa na jambo silali. Nimekuwa nikisoma wenzetu wanavyoachana na michezo, nikakwama kwa wacheza sumo, ile mieleka ya Japani. Bingwa akistaafu hupangiwa siku yake rasmi. Anaketi katikati ya ulingo, kimono imenyooka, nywele zimefungwa kishungi kama siku ya pambano. Wageni wanapita nyuma yake mmoja mmoja, wakati mwingine mamia, kila mtu anakata unywele kidogo kwa mkasi wa rangi ya dhahabu. Wa mwisho ni bwana wa kambi aliyemlea, yeye ndiye hukiondoa kishungi chenyewe. Majitu yenye miili ile hulia waziwazi. Kisha kinyozi anamtengeneza, anavaa suti, anatoka mtu mwingine na kila aliyekuwepo kashuhudia. (Wanawake hawaruhusiwi kupanda ulingo huo. Hilo tutaligombania siku nyingine.)

Nikajiuliza, sisi nani alitukata nywele? Wewe kisigino kiliuma, ukasubiri, orodha ya kambi ikasomwa bila jina lako, kwisha. Hata "ahsante mama" hukuambiwa. Ndiyo maana sishangai unasema mwenyewe hayupo, maana hakuagwa.

Usidhani Japani ni peponi lakini. Anayetaka kubaki na kufundisha ndani ya chama chao cha sumo lazima apate jina la uzee, yaani jina la cheo cha mzee wa chama, na majina hayo ni 105 tu, tena awe raia wa Japani. Hakuho, mzaliwa wa Mongolia mwenye mataji 45, alichukua uraia 2019, akastaafu 2021, na bado 2025 akaondoka chamani. Kuagwa vizuri na kupata pa kwenda ni mambo mawili.

Waitalia wao wameanzia tumboni. Wanariadha wao wengi wameajiriwa na polisi au kikosi cha ushuru, mshahara unaingia wakifanya mazoezi, na mbio zikiisha wanaweza kuendelea na kazi humohumo. Kenya nako polisi, jeshi na magereza wamebeba wakimbiaji wengi hivyohivyo. Naupenda utaratibu huo, sikufichi. Ila mshahara haukuambii alfajiri uamkie nini. Michael Phelps, muogeleaji wa Marekani, ana medali 28 za Olimpiki, fedha hakukosa, na amesema mwenyewe hadharani kwamba kila baada ya Olimpiki alizama kwenye sonona. Kwa hiyo shoga, ukiona giza usijione kituko, na kama ni zito umwone daktari. Hili siliandiki kwa mzaha.

Halafu namfikiria Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania. Christchurch, 1974, anaongoza tangu bastola inalia, hasubiri mtu, mita 1500 kwa 3:32.16, rekodi ya dunia. Baadaye akafungua shule. Mimi naona ni mtu yuleyule, wa kutangulia mbele akiamini wengine watafuata. Na George Weah, yule mwanasoka, aliposhindwa uchaguzi wa urais wa 2005 wapinzani wakimsimanga kwa elimu, alirudi darasani, na 2018 akaapishwa rais wa Liberia. Kwa hiyo mwenyewe yupo, Rehema. Viatu ndivyo havipo, na hata hivyo, ungeniachia mimi jozi moja jamani, mguu wetu si mmoja?

Sasa shida yangu. Zuhura anataka kuacha chuo. Meneja wake mpya kamwambia vitabu vitasubiri, miguu haisubiri. Mimi nikifungua mdomo ananiona mhubiri. Wewe anakuogopa, na umepita njia hiyo mpaka mwisho wake. Simwombei aache kukimbia, hata kidogo. Nataka tu asikie kutoka kwako jinsi siku ile ya orodha ilivyokuwa, kabla hajasaini chochote. Yule meneja, nitakusimulia, tena... aa, si kwenye karatasi.

Kisigino kinaendeleaje? Unalala usiku? Asubuhi unaamka saa ngapi siku hizi, na ukishaamka unafanya nini? Wale watoto Kocha aliotaka uwafundishe, umewakataa kabisa au umenuna tu? Na vile vyekundu vya fainali, umempa nani? Zuhura nimpe namba yako, au utamtafuta wewe?

Wako,
Mwanaidi