Barua kwa Upendo: Maneno ya Kiingereza kwa watoto wadogo, majira ya Krismasi

Morogoro,
2 Novemba

Mpendwa Upendo,

Salamu nyingi kutoka huku mji kasoro bahari. Natumaini wewe na watoto wote hamjambo, na joto la Tanga halijawachosha. Barua yako imenifikia, na swali lako nimelisoma mara mbili: ufundishe maneno gani ya Kiingereza, na kwa michezo gani, kwa watoto 40 wa miaka 5 hadi 7, katika wiki 3 zilizobaki kabla ya kufunga shule. Nakujibu kwa kirefu, mwalimu mwenzangu, kwa sababu majira haya yakitumiwa vizuri mtoto huondoka na maneno yatakayokaa naye, na yakitumiwa vibaya huondoka na wimbo asioelewa hata mstari mmoja.

Shika hili moja: neno lifanye kazi. Mtoto akitaka karatasi nyekundu, na karatasi haitoki mkononi mwako mpaka aseme "red", neno hilo atakuwa nalo kesho. Akirudia "red, red, red" pamoja na wenzake 39, anafuata sauti ya aliye mbele yake, na wewe huwezi kujua nani anajua na nani anapepesa midomo.

Chukua maneno 8 tu ya vitu, na rangi 3. Mimi ningechagua "star", "bell", "candle", "gift", "goat", "rice", "dress" na "baby". Rangi ziwe "red", "green" na "yellow". Utaona sijaweka theluji, wala dohani, wala wale kulungu wa kuvuta gari la barafuni. Si kwamba maneno hayo ni mabaya. Tatizo ni kwamba mtoto wa Tanga atalazimika kujifunza kitu na jina lake kwa wakati mmoja, nawe utatumia dakika 15 kueleza kwa Kiswahili dohani ni nini. Krismasi anayoijua ina pilau, mbuzi, gauni jipya, kengele ya kanisa na mishumaa. Hata mti unao: ule wenye maua mekundu yanayofumuka kuelekea Desemba, ambao wengi huuita mkrismasi. Watoe nje wakauone, wauite "red" wakiwa wameutazama.

Kila neno lipite hatua tatu: kusikia, kuonyesha, kusema. Siku ya kwanza wasiseme chochote. Wewe taja, wao waonyeshe au watende: "Ring the bell", wote watikise mkono; "Hold the baby", wabebe mtoto wa hewani; "Eat the rice", mkono mdomoni. Njia hii ya kuitika kwa mwili ilienezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, tangu miaka ya 1960, na kwa watoto wadogo sijaona inayoipita. Usitende nao kila mara. Mara ya tatu au ya nne ficha mikono yako mgongoni na utaje tu. Hapo ndipo utakapojua nani ameelewa na nani anakuiga.

Sasa matamshi, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto huongeza irabu palipo na konsonanti mwishoni: "gift" huwa "gifti", "dress" huwa "diresi", "rice" huwa "raisi" kama anamtaja mkuu wa nchi. Na "goat" huwa "goti". Hilo la mwisho ni zawadi kwako. Fanya mchezo: ukisema "goti", washike goti, ukisema "goat", waweke vidole viwili kichwani kama pembe. Sema polepole kwanza, kisha haraka, kisha rudia moja mara tatu mfululizo ili usiwape nafasi ya kubahatisha. Masikio yao yakishazoea kutofautisha, wape zamu ya kutaja wao. Waonyeshe kwamba mwisho wa "goat" ulimi unagusa nyuma ya meno na pumzi inakatika hapo hapo. Wafunge ngumi pumzi inapokatika. Mkono unausaidia mdomo. Ikiwa darasani una watoto wanaochanganya r na l, litazame sana "rice", kwa kuwa "lice" ni chawa, na hakuna anayetaka kuwatangaza mezani siku ya sikukuu.

Kosa jingine linatoka katika sarufi yetu yenyewe. Sisi tunasema nyota nyekundu, jina kwanza halafu sifa. Basi mtoto atasema "star red", tena kwa uhakika kabisa. Usimwambie kanuni, hana pa kuiweka. Wapange wawili kama gari: mwenye kadi ya rangi ni dereva, anakaa mbele, mwenye kadi ya kitu ni abiria, anashika mabega yake nyuma. Wanatembea wakisema "red star", dereva kwanza, abiria pili. Kisha badilisha madereva. Darasa likisikia "star red", wanapaza sauti kwamba gari linarudi nyuma, na wale wawili wanajipanga upya.

Kazi ya mikono ambayo ningeipa siku mbili nzima ni mnyororo wa karatasi. Ni rahisi, darasa linapendeza, na kila pete inanunuliwa kwa neno. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7. Ikate kwa upana vipande vya sentimita 3, utapata vipande 9 vyenye urefu wa sentimita 21, na kibanzi kidogo kitakachobaki kitumie kujaribia gundi. Kwa watoto 40, kila mmoja pete 3, unahitaji vipande 120, yaani karatasi 14, na vipande 6 vinabaki kwa watakaochana. Mnyororo wote utafika mita 6 na ushei, unatosha kuvuka darasa kutoka dirisha hadi dirisha. Vikate nyumbani jioni. Mikasi 40 mikononi mwa watoto wa miaka 5 haina msimamizi, na kipindi chote kitaishia kwenye kukata.

Gundi usinunue. Chukua vijiko 4 vya mezani vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha maji. Koroga unga kwanza kwa maji kidogo ya baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo umimine maji yaliyobaki yakiwa yanachemka, uweke kwenye moto mdogo na ukoroge kama dakika 3 hadi uji uwe mzito na uanze kung'aa. Ukitia unga mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge ambayo hakuna atakayeyavunja. Ukiwa mwepesi mno, karatasi italowa na pete itaachia kabla ya kengele ya mapumziko. Ongeza nusu kijiko cha chai cha chumvi. Hata hivyo, ipike ya siku hiyo hiyo. Ikilala huchacha, na kwa joto la kwenu ni haraka zaidi.

Kabla ya kugundisha, mtoto achore picha moja katikati ya kipande: nyota, kengele, mshumaa. Pete ikishafungwa haichoreki tena. Weka nukta ya kalamu kwenye ncha moja, upande ule ule wa picha, na uwafundishe kwamba gundi inapakwa juu ya nukta na ncha ya pili inailalia. Bila nukta, nusu ya darasa watafunga picha ndani. Sasa lililo kubwa: vipande vyote vikae kwako mezani, kama dukani. Mtoto anakuja, anasema "A red one, please", anapewa. Akisema "nyekundu", mtazame kwa upole na usubiri, inua kipande, hesabu moyoni hadi tano. Akishindwa kabisa, mnong'oneze, naye aseme mwenyewe. Usimpe kabla hajasema, hata foleni ikiwa ndefu, maana siku utakayotoa bure duka limefungwa. Foleni yenyewe ipunguze kwa kuwaweka watoto wawili wanaojua kuwa wauzaji wa meza ya pili. Muuzaji husikia neno mara 20 kwa kipindi kimoja, na ndiye anayefaidi kuliko wote.

Mchezo wa kanga hauna gharama. Tandaza vitu 6 vya kweli mezani, wavitaje, funika kwa kanga, toa kimoja kimyakimya, funua. "What's missing?" Watoto wakipiga kelele wote, wepesi wawili watamaliza mchezo kwa niaba ya wengine. Waambie wafumbe macho, wafikirie, kisha wewe gusa bega la mmoja ajibu. Vitu 6 vinawatosha. Ukiweka 10 wanaanza kukisia.

Bingo pia ni nzuri, ila isiwe na miraba mingi. Kila mtoto achore miraba 4 na achague picha 4 kati ya zile 8. Vya kufunikia viwe vizibo vya soda vilivyobondwa kingo zake kwa nyundo. Maharage huingia puani. Mtoto wa kwanza akimaliza, msisimame. Endeleeni hadi wa mwisho afunike, kwa sababu aliyechelewa ndiye anayehitaji kusikia zaidi.

Kuna tarehe 26 Desemba pia, ambayo tunaiita Boksingidei na watoto wakikunja ngumi. Jina hilo limetoka kwenye "box", sanduku la zawadi ambalo Waingereza waliwapa watumishi na wachuuzi wao baada ya Krismasi. Kwa hiyo tafuta maboksi 4 madogo, weka kitu ndani ya kila moja, funga. Mtoto anatikisa, anasikiliza, anauliza "Is it a bell?", wenzake wanaojua wanajibu "Yes, it is" au "No, it isn't". Usiweke vitu viwili vyenye mlio mmoja.

Kuhusu kadi za salamu, kunja A4 mara mbili upate kadi ya kurasa nne ndogo. Kadi ya Krismasi ya kwanza kabisa kuuzwa madukani ilitolewa London mwaka 1843 kwa agizo la Henry Cole. Zako zitatoka Tanga kwa krayoni. Maneno yatakayosumbua ni "To" na "From". Kwetu ni "kwa mama" na "kutoka kwa baba", ile "kwa" ipo kote kuwili, na mtoto huandika jina lake penye "To". Chora mshale: unaoingia kwenye uso wa mama ni "To", unaotoka kwenye uso wa mtoto ni "From". Wachore nyuso kwanza, waandike baadaye.

Umeniuliza pia juu ya igizo la kuzaliwa Yesu. Kwa darasa la Jumapili, lifanye, kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio. Kwa darasa la shule lenye watoto Waislamu na Wakristo, ningeliacha, na ningezungumza na wazazi hata kuhusu hayo mengine. Nyota, zawadi, mbuzi, wali na gauni jipya ni maneno ya Idi vilevile, na mtoto yeyote anaweza kuyasema bila kuguswa imani yake. Hilo ni la heshima kwao, tena ni la msingi. Ukiliigiza kanisani, sentensi zisizidi maneno manne: "Look, a star!", "No room here!", "Here is gold." Watoto 40 hawawezi kuwa Mariamu wote, basi kundi zima liwe sauti ya mwenye nyumba ya wageni. Angalia "he" na "she": Kiswahili kina "yeye" tu, kwa hiyo Yosefu atakuwa "she" bila mtu kushtuka. Mpe Mariamu kanga na Yosefu fimbo, watoto wengine wapokezane, na aliyeshika kanga ni "she", aliyeshika fimbo ni "he". Msichana akishika fimbo, ni "he" kwa muda huo, nao watafurahi kulisema.

Kila siku anza na dakika 5 za maneno ya jana kabla ya jipya, na la Jumatatu lirudi Jumatano na Ijumaa. Kipindi kisizidi dakika 25.

Ndani ya bahasha utakuta kadi 8 za picha nilizochora kwenye manila, pamoja na ya tisa, ya kondoo, kwa ajili ya wale wa Jumapili. Ile ya kondoo ichore upya ikikushinda. Kondoo wa vitabuni ana sufu kama wingu, na wa kwetu wengi wana manyoya mafupi, basi watoto wanamwita "goat". Angalia mkia: wa kondoo unaning'inia, wa mbuzi umesimama juu, na mbuzi ana ndevu. Nimeuchora mkia mnene kidogo. Na kwa kuwa mnaishi karibu na bandari, watoto wako wataliona "ship" kila siku, kwa hiyo "sheep" livutwe kwa tabasamu pana, "ship" lisemwe fupi. Weka kadi za meli na kondoo pande mbili za darasa na wakimbie kwenye wanayoisikia. Kadi ya meli sijachora, nikijua huko utapata picha nzuri kuliko yangu.

Niandikie ukishajua kama manila zitatosha, nikukatie nyingine kabla gari la Ijumaa halijaondoka.

Rafiki yako,
Esta