Msambu dume si mti tasa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie msambu, hasa ule unaosingiziwa utasa na kuishia kuwa mbao au kuni kwa sababu hakuna aliyewahi kuokota tunda chini yake.

Kwa msomaji aliye mbali na milima yetu, msambu ni jina la Kisambaa la mti ambao wataalamu huuita Allanblackia stuhlmannii. Waluguru huuita mkanyi. Hilo "stuhlmannii" limetokana na Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyehusika na kuanzishwa kwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, huko Usambara Mashariki, mwaka 1902. Kwa asili mti huu hauoti popote duniani isipokuwa katika misitu ya safu ya milima iitwayo Tao la Mashariki, hapa Tanzania: Usambara, Nguru, Uluguru, Udzungwa, hasa kati ya mita 800 na 1,600 kutoka usawa wa bahari. Ukikomaa hupita mita 30, matawi yake yakining'inia, majani yakikaa mawili mawili kwa kutazamana. Tunda lake ni miongoni mwa makubwa kabisa katika misitu ya Afrika. Huweza kuzidi sentimita 30 kwa urefu na kufikia kilo 7, na ndani yake mna mbegu 40 hadi 100 zilizozama kwenye nyama yenye utelezi. Msimu wa kuanguka si vizuri kupumzika chini ya mti huo.

Ndani ya mbegu, zaidi ya nusu ya uzito wa kiini ni mafuta. Karibu yote ni asidi za mafuta za aina mbili tu, steariki na oleiki, ndiyo maana hubaki yameganda kama siagi kwenye joto la kawaida la nyumbani na huyeyuka yakikaribia joto la mwili. Watengenezaji wa sabuni na siagi ya kupaka huyataka kwa sababu hiyo, na wanavijiji wameyatumia kupikia tangu zamani.

Sasa turudi kwenye "utasa". Msambu una mti dume na mti jike, kama mpapai. Ua la dume na ua la jike havikai kwenye mti mmoja. Mkulima anayeacha misambu iwe kivuli cha iliki huona mingine inazaa na mingine haizai, na siku akihitaji mbao anaanza na isiyozaa. Hesabu hiyo inaonekana nzuri, lakini jike bila chavua, ule unga wa ua la dume, halina tunda. Wadudu ndio wanaoibeba, nao hawaruki mbali bila kikomo. Dume wa mwisho akiangushwa bondeni, majike yaliyobaki yanaendelea kutoa maua kila msimu, yanapukutika. Mwenye shamba hulaumu mvua, wengine hulaumu uchawi.

Tena, mti usiozaa si lazima uwe dume. Huenda ni jike changa, huenda limefunikwa na kivuli kizito, au lilizaa sana mwaka uliopita na sasa linapumzika. Usihukumu kwa tunda, angalia ua. Okota maua yaliyoanguka chini ya mti asubuhi, uyapasue kwa kisu. Ua la dume lina mafungu matano manene ya stameni, yaani viungo dume vya ua, yaliyojaa chavua, na katikati hakuna kitu cha maana. Ua la jike lina ovari (kifuko kinachokuja kuwa tunda) nene katikati, juu yake stigma, sehemu inayopokea chavua, bapa kama kifuniko, na mafungu ya pembeni yamesinyaa. Kingine cha kusaidia ni kwamba dume huangusha ua zima, ilhali chini ya jike utakuta petali nyingi zilizotawanyika, kwa kuwa ovari iliyoshika hubaki tawini.

Wapo watakaosema, tukate tu, tutapanda mingine. Hapo ndipo msambu unapomwadhibu mwenye haraka. Mbegu iliyofukiwa na ganda lake huweza kulala ardhini miezi 6 hadi 18 kabla ya kuota, na wakati huo wote panya buku na kindi wanaitafuta. (Panya buku tusimlaani sana: mbegu anazozificha na kuzisahau ndizo zinazoota mbali na mti mama.) Ikishaota, mche wa mbegu huchukua miaka kumi na zaidi kutoa maua, na siku hiyo ndipo utakapojua kuwa karibu nusu ya miche yako ni madume.

Kosa linalojirudia vitaluni ni kupanda mbegu za gunia. Mbegu ya kuuza kwa ajili ya mafuta hukaushwa kwenye chanja chenye kivuli hadi igonge ikitikiswa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana unyevu huleta ukungu na ukungu huharibu mafuta. Lakini mbegu ya msambu ikikauka imekufa. Haihifadhiki ghalani kama mahindi. Anayetaka miche atenge matunda yake mapema. Achukue yaliyoanguka yenyewe, si ya kuangua, ayarundike kivulini na kuyafunika kwa majani ya mgomba mpaka nyama ilainike. Akamue mbegu kwa mkono, azisugue kwa mchanga na maji hadi utelezi uishe, kisha abandue ganda gumu polepole kwa kisu bila kujeruhi kiini. Hatua hiyo ya kubandua ndiyo inayofupisha miezi kuwa wiki. Mbegu zilizobanduliwa ziwekwe kwenye mfuko mweusi wa plastiki pamoja na maranda au mchanga wenye unyevu kidogo, mfuko ufungwe na kuwekwa kivulini. Afungue kila wiki, atoe zilizooza, zilizochipua azihamishie kwenye viriba virefu vyenye udongo wa juu wa msituni. Maji yakizidi mfukoni, zitaoza zote. Miche iwe chini ya kivuli kizito mwanzoni na kipunguzwe kidogo kidogo; ikianikwa juani ghafla majani huungua kingo.

Njia ya kujihakikishia majike ni kubebesha, yaani kuunganisha kijitawi cha mti mmoja juu ya mche wa mwingine. Kijitawi hicho, kikonyo, kikatwe kwenye jike linalojulikana kwa kuzaa, kiwe na unene sawa na mche wa chini, kichongwe kama kabari na kuingizwa kwenye mpasuo, ngozi ya kijani ya kimoja ikutane na ya kingine angalau upande mmoja, kisha kifungwe kwa utepe wa plastiki na kufunikwa kwa mfuko mwembamba hadi kichipue. Uchongaji ufanyike haraka, kwa wembe mkali, kabla utomvu haujaganda kwenye kidonda. Lakini kuna mtego. Kikonyo kilichotoka kwenye tawi la pembeni hukumbuka kuwa tawi: mche unakua kwa kulala badala ya kusimama, na kuuegemeza kwenye mti hakuuponyi. Tafuta machipukizi yanayosimama wima, kama yanayotoka kwenye visiki au kwenye shina lililopogolewa. Msambu uliobebeshwa vizuri huwahi kuzaa kwa miaka kadhaa kuliko wa mbegu.

Na hata shamba la miche iliyobebeshwa linahitaji dume. Mpango wa kupanda majike matupu ni kosa lilelile la shoka, ila limeanzia kitaluni. Kwa maoni yangu, kila majike kumi yapewe dume mmoja, asimame katikati, wala asisukumwe pembeni kwenye mtaro. Dume mkongwe aliyepo tayari ana thamani zaidi, kwa kuwa chavua yake ipo msimu huu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye mashamba ya iliki na mdalasini ni dogo. Wakati wa maua, pita mti kwa mti na kisu na kopo la rangi. Jike lipake mstari mmoja, dume mistari miwili, kimo cha kifua, upande unaoonekana kutoka njiani. Fanya hivyo maua yakiwa bado chini, kwa sababu yakishaoza hata fundi wa miti hataweza kukuambia upi ni upi, na mpasua mbao atakuja kabla ya msimu mwingine.

Mdau wa misitu,
Muheza, Tanga